Mkono wa Karani, Mpini wa Jembe

Wenye chai mkononi endeleeni na chai yenu. Na ninyi mafundi mlio kwenye cherehani saa hizi, msisimame kwa ajili yangu, ila tegeni sikio, maana leo nawazungumzia ninyi.

Mwaka 1700 daktari mmoja Mwitalia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kwa Kilatini kuhusu magonjwa ya watu wa kazi. Wachimba madini wamo, wafinyanzi wamo, wakunga wamo, mpaka wale wanaozibua mashimo ya vyoo. Katika sura ya makarani, iliyoongezwa kwenye toleo la 1713, anamtaja mtu aliyemfahamu yeye mwenyewe, mwandishi wa hati na mikataba, ambaye maisha yake yote yalikuwa kalamu na wino, na alikuwa amejipatia fedha nzuri tu kwa kazi hiyo. Mkono wa kulia ukaanza kumchoka. Akatibiwa, wapi. Uchovu ukapanda mkono mzima hadi ukapooza. Bwana yule hakukata tamaa: akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Haukupita muda mrefu, na wa kushoto nao ukashikwa na ugonjwa ule ule.

Hapo ndipo ninapopapenda. Bwana yule alibadilisha mkono, lakini hakubadilisha kazi, wala kiti, wala saa za kukaa kitini. Maumivu yakamfuata alikohamia.

Ramazzini akataja mambo matatu yanayowaumiza makarani. La kwanza, kukaa kitako kutwa. La pili, mkono kwenda upande mmoja tu, mwendo ule ule, bila kupumzika. La tatu ndilo linalonishangaza kila nikilikumbuka: wasiwasi wa akili, kwa kuwa karani huandika akiogopa kukosea hesabu na kumtia hasara bosi wake. Miaka 300 na zaidi imepita, na la tatu hilo bado waganga wengi hawaliulizi. Yeye ndiye aliyewasihi madaktari wenzake kwamba mgonjwa akishaulizwa anaumwa nini na tangu lini, aulizwe pia: kazi yako ni ipi? Jaribu kukumbuka mara ya mwisho ulipokwenda zahanati na kiwiko kinauma, kama kuna mtu alikuuliza swali hilo akaketi kusubiri jibu.

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Kiwiko kinauma, unapita duka la dawa, unapewa diklofenaki na jeli ya kupaka inayowasha. Unapata nafuu siku mbili tatu, unarudi kazini, kinarudi. Unanunua tena. Jirani anasema mishipa imeingiwa na baridi, ukandwe na maji ya moto. Unakandwa, unajisikia vizuri kweli, unalala. Asubuhi unarudi kazini, kinarudi. Mwisho mtu anakushauri sindano. Sitaki kuwadhihaki wanaokanda, wala muuza dawa. Kutuliza maumivu si dhambi, na mtu aliyekesha kwa maumivu ana haki ya kulala. Ninachosema ni kwamba katika mzunguko wote huo hakuna aliyegusa kilichokiumiza kiwiko. Na hivyo vidonge navyo, ukivimeza majuma kwa majuma, vina deni lao: vidonda vya tumbo, figo, shinikizo la damu kupanda. Mwenye presha au kisukari asivifanye karanga.

Sasa tuingie ndani ya mwili kidogo. Kijana wa mjini akishika jembe siku ya kwanza shambani kwa bibi yake, jioni ana malengelenge viganjani. Bibi mwenyewe, ambaye amelima tangu kabla kijana huyo hajazaliwa, ana sugu. Jembe ni lile lile na udongo ni ule ule. Ngozi ya bibi ilipewa kazi kidogo kidogo ikapata muda wa kujijenga. Ya kijana ilipewa yote kwa siku moja ikashindwa. Kano nazo, yaani zile nyuzi ngumu zinazoshikanisha msuli na mfupa, ndivyo zilivyo. Mifupa vilevile. Kazi huzijenga, na kazi huzibomoa. Kinachoamua ni kiasi, kasi ya kuongeza, na muda wa kupumzika katikati.

Tofauti ni kwamba kano ni wavivu wa kujijenga. Damu inayozifikia ni kidogo kuliko ile ya misuli. Msuli ukiufanyisha kazi, ndani ya majuma machache unaona umeimarika. Kano inahitaji miezi. Ndiyo maana kijana anayeanza kunyanyua vyuma anajiona shujaa mwezi wa pili, na mwezi wa tatu bega linamlaza. Misuli imekwisha kuwa tayari, kano bado ziko njiani.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kano inayouma imevimba kwa ndani, ina moto, na dawa ya moto ni kuuzima. Walipochukua vipande vya kano zilizouma muda mrefu wakavitazama kwa hadubini, waliona chembe chache mno za uvimbe kuliko walivyotarajia. Walichokiona kwa wingi ni nyuzi zilizovurugika, zisizolala sambamba kama inavyotakiwa, na mishipa midogo ya damu iliyoota mahali pasipo pake. Kwa maneno mengine, ilikuwa kano iliyojaribu kujirekebisha ikakatizwa, ikajaribu tena, ikakatizwa tena. Dawa ya kuzima moto haitapanga nyuzi hizo.

Hapa naomba mnisikilize vizuri ninyi mnaofikiria sindano. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanywa Brisbane, Australia, kwa watu 198 wenye maumivu ya nje ya kiwiko, yale yanayoitwa kiwiko cha tenisi ingawa wengi wanaoyapata hawajawahi kushika raketi. Wakagawanywa makundi matatu. La kwanza wakachomwa sindano ya steroidi. La pili wakapewa fiziotherapia, yaani kunyooshwa na mazoezi. La tatu wakaelezwa ugonjwa wao ulivyo, wakashauriwa namna ya kuishi nao, wakaachwa wangoje. Baada ya majuma sita, waliochomwa sindano walikuwa wanacheka. Waliwaacha wenzao mbali. Ungewauliza siku hiyo, wangekwambia sindano ndiyo mwisho wa matatizo. Watafiti hawakuishia hapo. Walisubiri mwaka mzima. Zaidi ya saba katika kila kumi ya wale waliokuwa wamepona kwa sindano walirudiwa. Mwishoni mwa mwaka kundi la sindano lilikuwa nyuma ya wote, hata nyuma ya wale walioambiwa wangoje tu.

Kwa nini? Maelezo ninayoyaona ya busara ni haya: maumivu yalizimwa, mtu akarudi kufanya kazi ile ile kwa nguvu zile zile, juu ya kano ambayo haikuwa imejengeka, na steroidi yenyewe haiisaidii kano kujijenga. Daktari mzuri anaweza bado kukuchoma sindano kwa sababu maalumu, sikatai. Lakini afuatanishe na mpango. Sindano bila mpango ni kuahirisha kesi.

Upande wa pili kuna kisa cha Msweden mmoja, daktari wa mifupa Håkan Alfredson. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa na maumivu ya kano ya kisigino, ile kubwa ya nyuma ya mguu. Akaomba apasuliwe, bosi wake akakataa. Kwa hasira akaamua kuitesa kano hiyo mpaka ikatike, maana ikishakatika hawatakuwa na la kufanya ila kumpasua. Akawa anasimama kwenye ngazi, anashusha kisigino polepole chini ya usawa wa kidato, na mzigo juu. Maumivu yakazidi mwanzoni. Halafu, kinyume cha mpango wake, yakaanza kupungua mpaka yakaisha. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakachapisha utafiti: watu 15 waliokuwa wakikimbia kwa kujifurahisha, kano zao zimeshindikana, wanangoja upasuaji. Zoezi lilikuwa hilo hilo la kushusha kisigino, mara 15 kwa raundi tatu, asubuhi na jioni, kila siku, kwa majuma 12. Wote 15 walirudi kukimbia.

Tangu hapo zoezi hilo limejaribiwa sana, na matokeo si mazuri kiasi hicho kwa kila mtu. Asiyefanya mazoezi kabisa, au mwenye kisukari, huweza kuchelewa zaidi. Imeonekana pia kwamba si lazima iwe kila siku wala kwa mtindo huo tu. Kunyanyua mzigo mzito taratibu mara tatu kwa wiki nako kunafaa. Lakini jambo la msingi limesimama imara: kano inayouma haitaki kulazwa kitandani, inataka kazi iliyopimwa.

Mwenye kiwiko anaweza kuanza hivi. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kikining'inia nje ya ukingo. Shika chupa ya maji ya nusu lita. Inua kiganja kwa kusaidiwa na mkono wa pili, kisha kishushe peke yake, polepole, hesabu mpaka nne. Rudia mara kumi au kumi na tano, pumzika, rudia tena. Ukiuma kidogo wakati wa zoezi si neno. Pima kesho yake asubuhi: kama umeamka na maumivu makali kuliko jana, mzigo ulikuwa mkubwa, punguza maji. Kama umeamka vile vile au nafuu, endelea, na baada ya siku kadhaa ongeza. Usitegemee muujiza wiki ya kwanza. Hii ni kazi ya miezi mitatu, na najua hapa nimewapoteza baadhi yenu.

Lakini zoezi ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni kujua nini kilibadilika. Maana kuna swali moja ambalo watu hulijibu vibaya karibu kila mara: ulianza kuumwa baada ya kufanya nini? Fundi atakwambia, "Sijafanya chochote kipya, nimeshona miaka kumi na tano." Mbane kidogo. Maumivu yalianza lini? "Januari." Na Desemba hadi Januari kuna nini? Kuna nguo za Krismasi, halafu shule zinafunguliwa, sare zinatakiwa zote kwa wakati mmoja, na mama wa mtoto amesimama mlangoni. Fundi aliyekuwa akishona saa sita kwa siku anashona saa kumi na nne. Kazi ni ile ile ya miaka kumi na tano, kiasi ndicho kimeruka. Msusi naye ni hivyo hivyo: wiki moja kabla ya sikukuu anasuka rasta kutwa na usiku, vidole vimekunjwa, mabega juu, shingo chini. Februari analalamika mkono unakufa ganzi usiku.

Jeshini wanalijua hili tangu zamani. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika kuhusu askari waliovimba miguu kwa kutembezwa gwaride na safari ndefu. Picha za eksirei hazikuwapo wakati huo. Zilipokuja, ikaonekana kwamba mifupa ya nyayo ilikuwa imepasuka nyufa, bila mtu kuanguka wala kupigwa. Hakuna hatua hata moja iliyokuwa na nguvu ya kuvunja mfupa. Zilikuwa hatua nyingi mno, kwa vijana ambao mwezi uliotangulia walikuwa nyumbani kwao. Na ukienda Iten, Kenya, mji wa wakimbiaji ulio kwenye mwinuko wa mita kama 2,400, utaona jambo linalowachanganya wageni: mabingwa wa dunia wakikimbia siku zao nyepesi polepole kabisa, wanapiga soga. Mgeni anaona haya kukimbia polepole, anajikamua kila siku.

Wapo pia wenye kazi ambayo hawaihesabu kuwa kazi. Mama aliyejifungua miezi michache iliyopita anaanza kuumwa upande wa kidole gumba, hasa akimwinua mtoto. Anaambiwa ni baridi, aliosha vyombo mapema mno. Daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, alieleza ugonjwa huo mwaka 1895: kano mbili za kidole gumba zinapita kwenye njia nyembamba pale kwenye kifundo cha mkono, na ala yake ikinenepa zinasuguana. Mtoto ananenepa kila wiki, mama anamnyanyua kwa kumshika makwapani, vidole gumba vimesimama, mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, usiku na mchana. Mabadiliko ya mwili baada ya kujifungua nayo yanachangia. Tiba ya kwanza haiuzwi dukani: mchote mtoto kwa kupitisha mkono chini ya makalio, uzito uende kwenye kigasha, kidole gumba kilale pamoja na vidole vingine. Na baba wa mtoto, kama unanisikiliza, mbebe mwanao. Usichukulie kwamba unamfanyia mkeo hisani. Hiyo ni sehemu ya matibabu.

Mgongo ningeuwekea kipindi chake, ila siwezi kuupita kimya, kwa sababu ndiko watu wanakotishwa zaidi. Mtu anapigwa picha, anaambiwa "pingili zimesagika" au "diski imetoka", na kuanzia siku hiyo anatembea kama amebeba mayai. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Kati ya wenye miaka 80, asilimia 96. Hao wote walikuwa wazima, hawaumwi. Kuchakaa huko kwa wengi ni kama mvi, ila ndiko kunakooneshwa kwenye karatasi na kuitwa chanzo. Chanzo halisi cha mgongo wa dereva wa bodaboda kinaweza kuwa saa kumi na mbili za kukaa bila kushuka kwenye pikipiki, usingizi wa saa nne, na marejesho ya mkopo wa hiyo pikipiki yanayomgoja kila jioni. Ramazzini angelitambua hilo la mwisho mara moja.

Nikisema hivyo, naomba nisieleweke vibaya. Yako maumivu ya mgongo ambayo hayana uhusiano na kazi na hayangoji mazoezi. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua mwili: nenda hospitali, kifua kikuu hukaa hata kwenye uti wa mgongo. Miguu inaishiwa nguvu, ganzi imekushika sehemu za siri na makalio, mkojo unakataa kutoka au unajitokea: nenda leo, usingoje asubuhi. Maumivu ya mkono wa kushoto yanayokuja na kubanwa kifua si habari ya kano.

Sasa nirudi kwa yule karani na kiti chake, kwa njia ya California.

Katika bonde la Salinas, kwenye mashamba makubwa ya saladi na viazisukari, kwa miongo mingi watu walipunguza na kupalilia miche kwa jembe lenye mpini wa sentimita 60 au pungufu. Vibarua, wengi wao Wamexico, waliliita *el cortito*, kale kafupi. Jembe hilo hulitumii ukiwa umesimama. Unainama mpaka kiuno kinakuwa juu kuliko kichwa, na unakwenda hivyo mstari baada ya mstari, kutwa. Wenye mashamba walisema mpini mrefu utaharibu miche, kwa kuwa kibarua hataona vizuri anachokata. Kulikuwa na faida nyingine ambayo vibarua waliifahamu vizuri: msimamizi akisimama ukingoni mwa shamba, kwa kutupa jicho tu anajua nani anafanya kazi na nani ameinuka kupumzisha mgongo. César Chávez, aliyekuja kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, alilitumia jembe hilo ujanani, na mgongo ulimsumbua sehemu kubwa ya maisha yake.

Mfikirie kibarua huyo amekwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mtaalamu atampa mazoezi ya mgongo, tena mazuri. Kesho alfajiri atakabidhiwa kale kafupi.

Wanasheria wa msaada wa kisheria vijijini, akiwamo Maurice Jourdane, wakapeleka malalamiko kwa bodi ya usalama kazini, wakaleta na madaktari kueleza jinsi migongo inavyoharibika moja kwa moja. Mwaka 1973 bodi ikakataa. Sababu yake ilikuwa ya kisheria na ya ajabu: kanuni inakataza vifaa visivyo salama, na kifaa kisicho salama ni kilichovunjika au chenye kasoro, jembe hili halina kasoro, ni zima kabisa. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya California, na Januari 1975 majaji wakasema bodi imeisoma kanuni vibaya. Kifaa kinaweza kuwa kizima na bado kikawa si salama, kama namna kinavyotumika inamuumiza anayekitumia. Mwaka huo huo jembe hilo likapigwa marufuku. Mashamba ya saladi hayakufa. Miche ikapunguzwa kwa mipini mirefu, na Salinas inauza saladi mpaka leo.

Napenda hukumu ile kuliko utafiti wowote niliowatajia, kwa sababu inahamisha kidole. Kwa miaka mingi kidole kilielekezwa kwa mgongo wa kibarua: dhaifu, umezeeka, haukunyooshwa. Majaji wakakigeuza kikaelekea kwenye mpini.

Kwetu mambo hayajafika mahakamani, na sehemu kubwa haihitaji mahakama. Tazama fagio la chelewa, lile fupi la kufagilia uani. Watu wameanza kulifunga kwenye mti mrefu, na bibi anafagia amesimama. Gharama yake ni kamba na dakika tano. Mpini wa jembe huchongwa na fundi wa kijijini, na mara nyingi urefu wake ni ule aliozoea yeye. Mwambie apime mtu, asipime mazoea. Beseni la kufulia likiwekwa juu ya meza au tofali mbili, kiuno cha msichana wa kazi kinapona bila kidonge. Siwaambii kuinama ni sumu. Watu wameinama tangu dunia iumbwe, na mgongo uliozoea kuinama unaweza kuinama. Ninachokishitaki ni mwinamo mmoja usiobadilishwa kutwa nzima.

Pagumu ni kwenye malipo. Fundi anayelipwa kwa kipande hawezi kupumzika kwa sababu redio imemwambia apumzike. Kila dakika aliyosimama ni hela iliyoondoka. Hapo ushauri wa daktari unagonga ukuta, na ni vizuri tuseme hivyo waziwazi, tusimlaumu mgonjwa kwamba "hafuati masharti". Lakini hata kwenye karakana yenye mafundi wanne kazi si moja. Kuna kukata, kuna kushona, kuna vifungo, kuna pasi. Mara nyingi anayekata anakata mwaka mzima na anayeshona anashona mwaka mzima, kwa kuwa ndivyo walivyogawana siku ya kwanza. Wakizungushana kila baada ya saa mbili, vipande vinavyotoka jioni havitofautiani sana, na mkono wa kila mmoja umepata mapumziko ukiwa kazini. Sare za Januari nazo zinajulikana kila mwaka kwamba zitakuja. Mwenye karakana akianza kukata vitambaa Oktoba, Desemba haitamkuta fundi wake usiku wa manane.

Basi wenye karakana, hilo la Oktoba ni lenu. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza habari za goti na ngazi za ghorofa. Usiku mwema.